Kistari kilichogeuka kisanduku

Nilikuwa napitia prufu ya kitabu, nikafika ukurasa wenye visanduku vitatu vitupu. COVID, kisanduku, 19. Mwandishi hakukosea kitu. Alitumia kistari kisichokatika, ambacho namba yake ni U+2011 katika Unicode (mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi na alama ya kompyuta namba yake), ili 19 isije ikadondoka mstari wa chini na kuliacha neno lake juu. Fonti haikuwa na umbo la alama hiyo, basi programu ikachora kisanduku na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo ninapogombana na watengenezaji wa programu za kupanga kurasa. U+2011 si mchoro wa pekee. Ni kistari cha kawaida kilichopewa katazo: usikate hapa. Majedwali ya Unicode yenyewe yanaieleza hivyo, kuwa ni U+2010 pamoja na katazo la kukata. U+00A0 nayo ni nafasi ya kawaida yenye katazo hilohilo. Fonti ikikosa umbo, chukua kile kistari cha kwenye kibodi, kichore, kisha ulinde mstari. Kuna ugumu gani?

Nafasi zina vituko vyake. Ukinyoosha kingo zote mbili za aya, nafasi za kawaida hutanuka ili mstari ujae. U+00A0 inapaswa kutanuka pamoja nazo, lakini zipo programu zinazoipa upana mmoja usiobadilika, na utaona "uk. 45" imebanwa huku maneno mengine yakipumua. Nafasi nyembamba, U+2009, ni kinyume chake: hiyo kwa kawaida haitakiwi kutanuka. Mwandishi aliyeichagua alitaka wembamba.

Kinachonikera zaidi ni kistari laini, U+00AD, ambacho hujificha ndani ya neno mpaka mstari ukatike papo hapo. Tafuta "wanakumbushwa" kwenye faili lenye kistari hicho katikati ya neno, na programu nyingine itakuapia kwamba neno halimo, nawe unalitazama.

Na madhara hayaishii kwenye kurasa. Mwaka 2022, toleo la 42 la CLDR, hifadhidata ya Unicode ya jinsi kila lugha inavyoandika tarehe na saa, liliweka U+202F, nafasi nyembamba isiyokatika, kabla ya AM na PM katika saa za Kiingereza. Programu zilizozoea kukuta nafasi ya kawaida pale zikashindwa kusoma saa. Kwa macho, hakuna kilichobadilika.

Ndiyo maana bado naipenda TeX, programu ya zamani ya kupanga kurasa: nafasi isiyokatika unaiandika ~, na mahali pa kukatia neno unaandika \-. Vyote unaviona. Programu za kisasa zingeonyesha alama hizi waziwazi wakati wa kuhariri, tungepunguza nusu ya ugomvi huu.

Vile visanduku vitatu nilivibadilisha kwa mkono, nikaweka vistari vya kawaida. Prufu ya pili ilipokuja, kimoja kilikuwa mwisho wa mstari, na 19 iko chini peke yake.