Sikukosa adabu kortini, nilikosa maneno

Swali lilikuwa fupi: "Do you have anything to tender?" Hakimu wa hapa Kampala, Uganda, aliliuliza bila ukali, kalamu ikiwa tayari juu ya faili. Mimi nimekulia Mwanza, na kwetu tenda ni ile kazi ya kulisha shule mchele au kujenga choo cha zahanati, unaiomba na kushindanishwa na wengine. Nikajibu kwamba sina tenda yoyote, mimi nauza sokoni tu. Akaandika. Na ndani ya mkoba wangu, chini ya kanga, zilikuwemo risiti 3 na karatasi ambayo mdaiwa mwenyewe aliitia sahihi kwamba amepokea magunia 25 na amebakiza shilingi milioni 6 na laki 8.

Kumbe alikuwa ananiuliza kama nina vielelezo.

Nina mwaka wa 9 hapa Kampala. Nauza mchele wa Shinyanga na Kahama, unavuka mpaka wa Mutukula na kushushwa Kisenyi, mtaa wa biashara hapa mjini. Watanzania, Wakenya na Wakongo tuliopo hapa tuna ushauri mmoja kwa kila aliyedhulumiwa: achana naye, kortini utaenda kuaibika. Ushauri huo unaniuma, kwa sababu unawapa wadhulumaji raha, na kwa sababu una ukweli ndani yake.

Shauri langu lilikuwa kwenye utaratibu wa madai madogo, katika mahakama moja ambayo sitaitaja. Kwa utaratibu huo Uganda inastahili sifa. Kanuni zake ni za 2011, unapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za Uganda, na mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu humo. Unampelekea mdaiwa barua ya kumdai, unampa muda, akikaa kimya unajaza fomu. Siku ya siku mnasimama wenyewe, kila mtu na mdomo wake. Mfanyabiashara mdogo asiye na pesa ya wakili ndiye hasa aliyefikiriwa. Lakini mdomo wangu unasema Kiswahili, na lugha ya mahakama za Uganda kwa sheria ni Kiingereza.

Karani alikuwepo wa kutafsiri Kiluganda. Kiluganda changu ni cha bei na mzani, hakitoshi kueleza kwa nini mtu alilipa nusu mwezi wa kwanza, akaahidi Pasaka, kisha akazima simu. Kila neno liliponikwama nilimgeukia mdaiwa wangu nikamwambia, "Si wewe mwenyewe uliniambia?" maana Kiswahili anakijua vizuri, tumeuziana miaka. Hakimu akagonga meza kwa kidole: zungumza na mahakama, usizungumze na mwenzako. Mara ya pili akanionya. Pale mbele nikaonekana mwanamke mkorofi aliyekuja kugombana, huku yeye mdaiwa, kwa Kiingereza chake laini, akianza kila sentensi na "Your Worship" na kuonekana muungwana.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Asiye na lugha ya mahakama huonekana hana adabu. Na adabu nilikuwa nayo. Nilifika saa mbili kasoro, nikasoma orodha ya mashauri ubaoni, nikazima simu, nikainamisha kichwa nilipoingia. Niliketi bila kukunja nne. Nilijua kwamba hakimu akiingia wote tunasimama, na kwamba humkatizi mtu anaposema hata kama anadanganya. Haya nilifundishwa nyumbani, na ni yaleyale. Tanganyika na Uganda zote zilitawaliwa na Mwingereza, na mahakama zetu zilichukua mengi kwake. Hata kwa mawakili tofauti ni ndogo: suti nyeusi, joho na vile vitambaa viwili vyeupe shingoni wakienda Mahakama Kuu. Mmoja akiinuka kuweka pingamizi, mwenzake anaketi, hawasimami wawili kwa pamoja. Huku wanaitana "my learned friend", kwetu "wakili msomi". Hapa hakimu ni "Your Worship" na jaji ni "My Lord" au "My Lady", kwetu wote ni Mheshimiwa, na mtu anajua maana ya analolisema.

Namkumbuka mama yangu kwenye mahakama ya mwanzo Mwanza, kwenye shauri la mirathi ya baba. Mama aliishia darasa la 4. Hakimu alikaa katikati, wazee wa baraza wawili pembeni yake. Mama alipomaliza kula kiapo, kwa hofu akamwita hakimu "baba". Mzee mmoja wa baraza akamwambia taratibu, "Mama, sema Mheshimiwa." Akasema Mheshimiwa, akaendelea. Shemeji yake alipodakia, hakimu akamnyamazisha kwa maneno ambayo hata sisi watoto nyuma tuliyaelewa: "Subiri bwana, zamu yako inakuja." Ndani ya robo saa mama alikuwa ameshajua afanye nini na asifanye nini. Alifundishwa humohumo, kwa lugha yake, bila kudhalilishwa, na aliyosema yote yaliingia kwenye kumbukumbu kama alivyoyasema.

Nisije nikaisifu nyumbani kupita kiasi. Kwa mahakama za juu hali hiyo ni ya juzi tu. Miaka mingi mtu alitoa ushahidi kwa Kiswahili, jaji akaandika kwa Kiingereza, na aliyeshinda au kushindwa akapewa hukumu asiyoweza kuisoma. Jaji Zephrine Galeba alipoandika uamuzi kwa Kiswahili akiwa Musoma, lilikuwa jambo la kushangaza kiasi kwamba Rais Magufuli alimpandisha kwenda Mahakama ya Rufani mbele ya umati, Siku ya Sheria, Februari 2021, na akaitaja sababu kuwa ni hiyo. Mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, Kiingereza kikabaki pale haki inapokihitaji. Na Mganda asiyejua Kiswahili akishtakiwa Mwanza leo, yanaweza kumkuta yaliyonikuta mimi. Naye ananihusu.

Waganda niwapendao wameniambia wazi kwa nini Kiswahili hawakitaki. Mama mwenye nyumba wangu, ambaye namwita Mama na ananiita mwanangu, aliniambia kwamba enzi za Amin aliyekuja kugonga mlango usiku alikuwa anaongea Kiswahili. Lugha uliyopigiwa huwezi kuambiwa uipende kesho yake. Sibishani naye. Ila Katiba ya Uganda, tangu marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike kwa namna Bunge litakavyoamua. Na ibara ya 28 inampa mshtakiwa wa jinai asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila kulipa. Mimi sikuwa mshtakiwa, nilikuwa mdai. Lakini anayedai milioni 6 na laki 8 ambazo ndizo mtaji wake wote naye anahitaji kusikika.

Aliyeniokoa siku ile alikuwa askari polisi aliyesimama mlangoni. Alisikia niliposema sina tenda. Akapiga saluti, akamwomba hakimu ruhusa ya kusema, akaeleza kwamba mama huyu hajaelewa swali. Hakimu, nampa haki yake, hakukasirika. Akamwapisha askari awe mkalimani wangu na akaanza upya. Askari akanigeukia: "Mama, Mheshimiwa anauliza kama una karatasi za kuonyesha." Mikono ilinitetemeka nikifungua mkoba. Risiti zikapita kwa karani, zikafika mezani, zikapewa namba. Kuanzia hapo sikumgeukia mdaiwa hata mara moja, sikuwa na sababu. Nilimtazama hakimu, nikasema, nikanyamaza, nikasubiri itafsiriwe. Ukorofi wangu wote uliisha kwa mkalimani mmoja.

Bila askari yule ningeshindwa shauri lenye sahihi ya mdaiwa. Wangapi wanashindwa siku ambayo askari wa mlangoni ni mwingine?

Siombi Uganda iache Kiingereza chake. Naomba fomu ya madai iwe na mstari mmoja wa kuuliza: utasema lugha gani? Karani akijua wiki mbili kabla, mkalimani atatafutwa, na Kampala hii haina uhaba wa wanaojua Kiswahili na Kiingereza. Naomba kabla hakimu hajaingia, karani asimame dakika tano awaeleze watu hakimu anaitwaje, unasimama lini, karatasi unampa nani. Mawakili hufundishwa miaka kabla ya kusimama pale. Sisi tunaojisimamia tunafundishwa kwa kukemewa, mbele ya tunayemdai.

Na wenzangu wa Kisenyi, tuache kutishana. Mwambieni mtu aende, lakini aende amejiandaa. Kuna binti Mkongo jirani yangu, mwenye nyumba wa zamani amekataa kumrudishia amana yake. Shauri lake ni Jumanne. Jana usiku tulikaa kibarazani, mimi nikiwa hakimu juu ya ndoo, yeye akisimama na kuinamisha kichwa. Tumefanya mazoezi ya sentensi moja ya Kiingereza, "Your Worship, I ask for a Kiswahili interpreter," mpaka ikatoka bila kukwama. Mkataba na risiti zake tumeziweka kwenye bahasha, na bahasha ipo juu kabisa kwenye mkoba.