Nyuma ya pazia kuna mlango

Jumamosi iliyopita hapa Dortmund, Ujerumani, tulichelewesha ufunguzi wa mkutano wa watu 300 kwa sababu ya chungu cha maua. Mgeni rasmi alikuwa ameshafika na umeme ulikuwepo. Ni chungu tu, kirefu kama mtoto wa darasa la pili, watu wa maua walikiweka hatua moja mbele ya mlango wa dharura. Mkuu wangu wa kazi alikiona katika mzunguko wake wa mwisho, akainua mkono, milango ya mbele ikabaki imefungwa. Wageni na suti zao wakasimama nje kwenye upepo dakika 12, mpaka vijana wawili wakapata kitoroli cha kukibebea. Nilikuwa hapo nje na orodha ya majina mkononi, nikisubiri mtu aanze kufoka. Hakufoka mtu. Mzee mmoja aliniuliza kuna nini, nikamwambia njia ya kutokea imezibwa, akasema sawa, akaendelea kuzungumza na mwenzake.

Nilirudi nyumbani usiku ule na furaha ambayo sikuwa na wa kumweleza hapa, kwa hiyo nawaeleza ninyi, maana ninyi mnajua ingekuwaje kwetu Tanzania, kwenye harusi. Mwenyekiti wa kamati angeshapiga simu mara nne. Mama wa bwana harusi angesema tunataka kumwaibisha mbele ya wakwe. Na chungu kingebaki palepale, kwa sababu kimelipiwa.

Niko mwaka wa pili wa mafunzo ya kupanga na kuratibu shughuli. Wajerumani waliifanya kazi hii kuwa fani inayotambuliwa rasmi mwaka 2001. Ni miaka 3: siku nyingi uko kazini kwenye kampuni, siku nyingine uko chuo cha ufundi, na mwisho unafanya mtihani wa chemba ya viwanda na biashara. Mwanafunzi analipwa na mwajiri kila mwezi, na tangu 2020 kuna kima cha chini kilichowekwa na sheria. Kazi ulizofanya na ulichojifunza unaviandika kwenye daftari, na anayekufundisha anatia sahihi. Nikikumbuka wasichana waliobeba viti pamoja nami Dar kwa nauli na sahani ya pilau, peke yake hilo lingetosha kuandikiwa ukurasa. Lakini kilichonigeuza mimi ni futi ya kupimia.

Siku ya kwanza nilifika na picha zaidi ya 400 kwenye simu. Majukwaa ya maharusi, meza za keki, viti vilivyovalishwa, taa za kuning'inia, kazi ya mikono yangu mwenyewe ya miaka sita. Nilitaka wajue sikuja mikono mitupu. Mama anayenifundisha alizitazama moja moja, kwa heshima, akazisifu taa. Kisha akanirudisha kwenye picha niliyoipenda kuliko zote, akaikuza kwa vidole viwili, akauliza: "Watu hawa wanatokea wapi?" Nikamwonyesha mlango tulioingilia. Akauliza, na mwingine? Nikaitazama picha ile, na mwili ukaniisha nguvu, kwa sababu mlango mwingine nilijua ulipo. Ulikuwa nyuma ya pazia. Pazia nililining'iniza mimi.

Hakunisema. Alinipa futi na karatasi, akaniambia nikapime milango yote ya ukumbi tuliokuwamo. Ilinichukua asubuhi nzima. Nikajifunza kwamba kwenye kanuni zao za kumbi, mlango na njia ya kutokea vinahesabiwa kwa watu: mita 1.20 za upana kwa kila watu 200 walio ndani. Kutoka kiti chochote hadi mlango wa kutokea usizidi mita 30. Kati ya meza na meza mita 1.50. Mlango ufunguke kuelekea upande watu wanakokimbilia, na maadamu kuna watu ndani, ufunguke kwa mkono, bila ufunguo. Viti vikipangwa kwa mistari lazima vishikamanishwe pembeni, kimoja na kingine. Hilo la viti nilimuuliza sababu. Akachukua viti viwili visivyoshikamana, akavisukuma kwa goti, vikaanguka miguu juu mbele ya njia. "Sasa pita," akaniambia, "gizani, na watu 200 nyuma yako."

Tangu siku hiyo sijaingia ukumbi wowote bila kuhesabu.

Sasa niwaambie habari ya pazia, maana sikuisema popote kwa miaka yote hiyo. Ilikuwa harusi nzuri, na kamati yake ilikuwa ya kupigiwa mfano. Nalisema hili kwa moyo wote: duniani sijaona watu wanaojua kuandaa shughuli kama sisi. Hapa nimeona harusi ya watu 45 ikipangwa mwaka mmoja na nusu. Sisi watu kumi na wawili, kila mmoja ana kazi yake ya kutwa, tunakaa Jumapili jioni kwenye baa au sebuleni kwa mtu, mhazini anasoma majina ya walioahidi na waliotoa, na ndani ya miezi mitatu tumekusanya mamilioni, tumepata ukumbi, chakula, matarumbeta, magari, sare na mshereheshaji. Bila mkataba, kwa kuaminiana. Nikimsimulia mwalimu wangu wa chuo anadhani natia chumvi.

Basi ukumbi ule ulikuwa na milango miwili. Wa pili ulikuwa wa chuma, rangi ya kijivu iliyobabuka, upande uleule wa jukwaa. Mama wa bibi harusi akasema ule mlango utaharibu picha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikashusha satini nyeupe kutoka juu hadi chini, nikaweka jukwaa mbele yake, na kwenye picha hakuna atakayejua. Ukumbi ulikuwa wa watu 350. Kadi tulizotoa zilikuwa za 350, lakini mnajua kadi ya watu wawili inavyokuja na watoto watatu na dada wa kazi, na wageni walivyoongezeka kamati ikasema ongezeni meza. Walipita 500.

Wakati wa keki zikawashwa fataki zile ndogo za mezani. Cheche ikashika ncha ya satini. Moto wenyewe haukuwa mkubwa, mhudumu mmoja aliuzima kwa chupa za maji ya kunywa, sidhani kama ulifika dakika moja. Lakini kuna mtu alishapiga kelele ya moto, na watu 500 wakaelekea mlango mmoja, nao ulikuwa unafungukia ndani. Waliotangulia waliubana kwa vifua vyao wenyewe. Sauti ile siwezi kuieleza. Ilikuwa kama pumzi moja kubwa ya watu wengi. Shangazi wa bwana harusi alivunjika kiwiko. Mtoto wa miaka minne alipotea nusu saa, tukamkuta chini ya meza ya keki, ameshika kijiko. Kisha mshereheshaji akasema Mungu mkubwa, muziki ukarudi, tukaendelea na zawadi.

Kwenye kikao cha kuvunja kamati tulijadili bia zilizoisha mapema na nyama iliyofika meza kuu ikiwa imepoa. Mimi nilishukuriwa kwa mapambo. Mlango haukutajwa na mtu yeyote, wala mimi sikuutaja.

Najua kuna atakayesema: huyu kaenda juzi, kashaanza kutudharau, kwake kila kitu cha Mzungu ndiyo sawa. Ndugu yangu, soma vizuri. Aliyeweka pazia ni mimi, na wewe sijakutaja. Wala Wajerumani hawakuzaliwa na akili ya milango. Treni ya kutoka hapa nilipo hadi Duisburg haifiki saa moja. Tarehe 24 Julai 2010 kulikuwa na tamasha la muziki pale, na watu walioingia na walioondoka walipitishwa kwenye handaki na njia ileile moja ya kupandia. Walikufa watu 21, wengi wao vijana, na mamia wakaumia. Kanuni za kumbi nilizozitaja zilikuwepo kwenye makaratasi siku hiyo. Kesi ilianza Desemba 2017, ikafungwa Mei 2020 bila hukumu. Mwalimu wetu alitupeleka kwenye ukumbusho wao hapo kwenye handaki, akatueleza kwa sauti ya chini kwamba wale watu hawakukanyagwa kwa kukimbia. Walibanana. Watu wakifika sita au saba kwenye mita moja ya mraba mwili haukutii tena, unakwenda unakosukumwa, na kifua hakipati nafasi ya kupanuka. Alipomaliza, mwanafunzi mwenzangu mmoja alikuwa analia. Hiyo ndiyo sababu Jumamosi wale wageni walisubiri kwenye upepo bila kulalamika. Nchi hii ina watu wake waliozikwa, na imewaweka ndani ya masomo.

Na sisi tuna wetu. Tabora, Idd ya mwaka 2008, watoto wapatao 20 walikwenda disko la sikukuu kwenye ukumbi uliojazwa kupita kiasi, hawakurudi. Moshi, Februari 2020, watu 20 kwenye ibada ya jioni, wakikimbilia mafuta ya upako. Dar es Salaam, Machi 2021, Uwanja wa Uhuru, siku ya kumuaga Rais Magufuli, watu 45 kwa hesabu ya polisi. Mnazikumbuka siku hizo bila mimi kuzieleza. Ninachouliza ni kimoja: je, kijana anayejifunza kazi hii kwetu leo, hao anafundishwa? Kuna siku anapelekwa mahali, anaonyeshwa njia ilikuwa upana gani, watu walikuwa wangapi, nani alikuwa na ufunguo? Mimi nilijifunza miaka miwili chini ya mama mmoja mashuhuri kwa mapambo, nikajifunza kukunja waridi za kitambaa hadi usiku wa manane, na kuhusu mlango hakuniambia chochote. Simlaumu. Naye hakuambiwa.

Mwingine atasema ukumbi una mwenyewe, milango ni kazi ya mwenye ukumbi na zimamoto. Kweli, na wabanwe. Ila mwenye ukumbi alipokukabidhi funguo saa mbili asubuhi, pazia lilikuwa halipo. Meza za ziada zilikuwa hazipo. Kati ya asubuhi na usiku aliyeubadilisha ukumbi ni mratibu, na ndiye pekee anayejua kila kilipowekwa kitu. Hapa kampuni yangu inaniambia hivi: mtu wa mwisho kutembea ukumbini kabla wageni hawajaingia ni wewe, kwa hiyo macho ya mwisho ni yako.

Na wewe utakayesema mteja wetu halipii usalama, analipia maua: futi ya fundi cherehani inauzwa kila soko. Kupima mlango hakuna gharama. Kuhamisha jukwaa mita mbili hakuna gharama. Kumwambia mwenyekiti kwamba ukumbi huu ni wa 350 na kadi zinaishia hapo, hiyo nakubali ina gharama, unaweza kumpoteza mteja. Nimewahi kuwapoteza kwa mambo madogo kuliko hilo, nikaishi.

Siku hizi vyuo vinaongezeka, naambiwa, na vijana wana kadi za biashara na kurasa zenye wafuasi maelfu. Nafurahi sana, nasema kweli, kwa sababu zamani ukisema unaratibu sherehe watu waliuliza kazi yako hasa ni ipi. Tumepewa uenyeji wa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, viwanja vinajengwa, kutakuwa na kazi kwa maelfu ya vijana hao. Nikifungua kurasa zao ninaona mapambo ambayo hapa Ujerumani hakuna anayeyaweza, na moyo unajaa. Halafu najikuta nikitafuta milango kwenye picha, na mara nyingi siioni.

Juzi mdogo wangu, ambaye anaendesha kazi zangu Dar tangu niondoke, alinitumia video ya ukumbi wa sendofu ya Desemba. "Dada, nishauri rangi, mteja anataka kijani cha zeituni au dhahabu." Nikaiangalia mara ya kwanza kwa ajili ya rangi. Mara ya pili nikaisimamisha katikati, upande wa kushoto, penye kitambaa cheupe kilichosahaulika na shughuli ya jana yake. Nikamuuliza nyuma ya kile kitambaa kuna nini.

"Hapo? Kuna mlango, ila huwa umefungwa. Ufunguo anao mlinzi."

Nikamwambia rangi tutaongea kesho. Sasa hivi arudi akamtafute mlinzi, na aende na futi.