Nyanya Iliyofunga Maktaba

Mwaka wa 3 wa uzamivu nilikuwa nimebobea katika jambo moja tu: kupanga ratiba. Yangu ilikuwa na rangi 6. Buluu ilikuwa ya "kuandika sura ya pili", na kila wiki niliihamishia wiki inayofuata.

Ndipo nikasoma habari za Francesco Cirillo, Mwitaliano ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi anayehangaika kutulia vitabuni, alitega saa ya jikoni yenye umbo la nyanya ili asome mpaka ilie. Njia yake akaiita Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Nikasema dawa ndiyo hii! Simu ingetosha kabisa kuhesabu dakika, lakini mimi nilitaka nyanya yenyewe. (Mtu asiyeandika hakosi muda wa kusaka nyanya.)

Nikaenda nayo maktaba, nikaizungusha hadi 25. Tiki-tiki-tiki! Jirani akanikata jicho. Nikaitia mkobani, nikavuta zipu, nikausukuma mkoba chini ya meza. Kabla sijatoa hata kalamu, kiu ya chai ikanishika. Nikaona si vibaya nianze na zile 5 za kupumzika.

Kurudi na kikombe changu, nakuta watu wote wako nje.

"Kuna nini?"

"Kuna mkoba umeachwa ndani, mwenyewe hajulikani."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Leo hakuna kuandika, na kosa si langu! Nikaanza hata kufoka: "Watu wengine hawana akili, wanatuharibia utafiti!" Nikageuka kutafuta wa kuniunga mkono, nikagongana uso kwa uso na msimamizi wangu.

"Kumbe ulikuwa unaandika?"

"Sana, Profesa. Sura ya pili ilikuwa inatiririka."

"Pole. Wanasema mkoba wenyewe unalia tiki-tiki."

Chai ikanipalia.

Nikiwa bado nakohoa, ndani kukalia krrriiing! Watu wakalala chini. Halafu kimya. Baadaye mlinzi akatoka ameloa jasho, nyanya mkono huu, daftari mkono ule. Akauliza vya nani. Nikajikausha. Basi akalifungua daftari akasoma kwa sauti, labda mwenyewe atajitambua:

"Jumatatu: kurasa 5. Jumanne: zile kurasa 5 za Jumatatu. Jumatano: kurasa 10, kufidia. Alhamisi: kutafuta motisha."

Umati ukaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Ijumaa," akaendelea mlinzi, "kumkwepa Profesa."

Profesa akakitazama kikombe changu, akanitazama mimi, akatazama saa yake ya mkononi.

"Kachukue nyanya yako," akasema, "kisha uje ofisini. Leo ni Ijumaa."