Maktaba ya Dodoma ijifunze kwa tembe

Makala moja niliyosoma imesifu maktaba za kisasa zenye miti ndani, kuta za majani na vioo vikubwa. Miti naiunga mkono kwa moyo wote. Vioo hapana! Jua la Dodoma saa tisa alasiri likipiga upande wa magharibi, nani atasoma humo? Na mvua yetu ni ya msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili. Kuta za majani zitamwagiliwa na nini Septemba? Wagogo, wenyeji wa Dodoma, walishajenga nyumba za tembe: kuta nene za udongo, paa bapa la udongo, ua katikati. Wasanifu waanzie hapo. Uani pandeni mkwaju, ukue taratibu. Mimi kidato cha nne nilisomea chini ya mwarobaini, darasani hapakukalika kwa joto.