Lile jumba la Pangani ni la nani?

Kuna jambo moja nimelizoea huku kusini mwa Uingereza ambalo nyumbani sijalipata. Ukipita mahali ukaona jengo likakukaa moyoni, ukitaka kulijua, jibu lipo na limeandikwa, na hakuna atakayekuuliza kwanza wewe ni mtoto wa nani. Naamini Pwani yetu inaweza kuwa na hilo bila kupoteza kitu ambacho Waingereza hawana. Tena muda wa kulifanya ni sasa, kwa sababu ya daraja linalojengwa Pangani, mkoani Tanga.

Nianze na huku. Ukipanda basi la barabara ya ufukweni, ukifika St Leonards, jirani na Hastings, unakutana na jengo jeupe lililokaa kama meli iliyopandishwa nchi kavu. Lina ghorofa 14, roshani zake ndefu zimepangwa mithili ya sitaha, na upande wa mashariki umeviringwa kama pale anaposimama nahodha. Basi halikusubiri nishangae. Nilimwuliza mama mmoja aliyekaa pembeni yangu, akatabasamu kwa upole, akasema anapita hapo siku zote na hajui. Jioni nikafungua orodha ya taifa ya majengo ya urithi inayotunzwa na taasisi ya Historic England, ambayo yeyote anaifungua bure kwenye intaneti. Kumbe ni Marine Court. Lilijengwa kati ya 1936 na 1938, wasanifu wake ni Kenneth Dalgleish na Roger Pullen, na meli waliyoiiga ni Queen Mary. Lipo chini ya ulinzi wa sheria, hivyo mwenye nyumba hawezi kung'oa na kupachika atakavyo bila kibali. Na kama una picha yako au unajua habari ambayo orodha haina, unaruhusiwa kuiongeza.

Watu hawa hawakuzaliwa na mapenzi ya nyumba kuukuu. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyowafundisha. Mabomu yalipoanza kuangusha miji yao, wasanifu walipewa kazi ya kuandika majengo gani, hata yakipigwa, yasimaliziwe kwa kubomolewa. Sheria ya 1947 ikaifanya kazi hiyo kuwa ya kudumu. Leo majengo yaliyoandikwa England ni mamia ya maelfu, na mengine ni vitu ambavyo sisi tungevipita tu: vibanda vya simu, vijiwe vya kuonyesha maili, kuta za makaburi.

Sasa nyumbani. Ukivuka Mto Pangani kwa panton kutoka Bweni, mji wote unakujia taratibu, minazi kwanza, halafu ngalawa, halafu mstari wa majumba yanayotazama mto. Mojawapo ndilo lililonishika. Ni la ghorofa moja juu, ukuta umeingia weusi wa ukungu, madirisha ya juu yana matao, na mti umeota katikati ya ukuta hadi mizizi imeshuka chini kama kamba. Nilipiga picha kwa simu huku abiria wakisukumana na baiskeli na matenga ya samaki. Picha imetoka na bega la mtu, lakini jumba linaonekana.

Hapo hapo kwenye panton nikauliza, na nikajibiwa na watu wote kwa pamoja. Mmoja akasema ilikuwa posta ya Mjerumani. Mwingine akasema hapana, ile ni nyumba ya Mhindi aliyehamia Tanga. Bibi mmoja mwenye kapu la ukindu akawakatiza wote wawili akasema pale ndipo mama yake aliponunua kanga za harusi yake. Kila mmoja alisema kwa uhakika, na hakuna aliyeona tabu kunieleza. Nimeishi huku vya kutosha kujua kwamba hilo nalo ni utajiri. Huku unapata jina la msanifu kwa sekunde chache, lakini huna wa kukuambia nani aliozwa kutoka nyumba ile.

Nikamtuma mtoto wa mamkubwa, anayekaa Tanga mjini, apite akaangalie kwa karibu. Alichoniletea kilinifundisha kwamba hata nyumba isiyo na kibao inasema, mradi ujue kuisoma. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vya chini ni virefu lakini vyembamba, na sababu yake ni boriti: dari hubebwa na miti ya mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa mti. Ukikuta mihimili ya chuma mahali pa boriti, huenda umeshaingia zama za ukoloni. Mlango uliosalia una kizingiti cha juu kilichonyooka, na mfaa wake, ule mti wa katikati ya mbao mbili za mlango, bado umesimama na nakshi zake, ingawa mtoto amechora goli la mpira kwa mkaa pembeni. Milango ya kizingiti cha tao ilishamiri baadaye, kuanzia zama za Sultani Barghash wa Zanzibar, kwa ushawishi wa mafundi wa Kihindi. Hata hivyo mlango peke yake si ushahidi, kwani milango yetu imekuwa ikihamishwa na kuuzwa tangu zamani. Kwa jumla, hesabu yangu inaniambia hiyo ni nyumba ya nusu ya pili ya karne ya 19, wakati mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalipoujaza mji fedha, kabla ya vita ya Bushiri ya 1888.

Na hapo ndipo panapouma. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyokuwepo kabla ya 1863. La baada ya hapo linahitaji kutangazwa rasmi. Kwa hiyo magofu ya Tongoni, safari fupi tu upande wa kaskazini, na makaburi yake ya nguzo, yamo ndani ya ulinzi, na inafaa yawemo. Lakini jumba la mfanyabiashara wa miwa la miaka ya 1870 au 1880, ambalo watu waliishi ndani yake mpaka juzi, linabaki mikononi mwa bahati. Mti ukishaupasua ukuta, anakuja mtu na toroli, anachukua mawe kwenda kujengea msingi.

Jambo jingine nililolijua nikiwa huku, na lililonikasirisha kwa kweli, ni mahali zilipo picha zetu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina hazina kubwa ya picha za kilichokuwa chama cha Wajerumani cha kuunga mkono ukoloni, na Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kuanzia miaka ya 1860. Zote zinafunguka kwenye intaneti. Nashukuru zimetunzwa. Lakini mimi niliye mbali nazitazama nikiwa nimekaa sebuleni, nasoma maelezo ya Kijerumani yanayotaja boma, afisa na tarehe. Mwanafunzi wa Pangani anayepita mbele ya nyumba hizo hizo akienda shule hajawahi kuambiwa kwamba zipo. Na kwenye maelezo hayo utampata bwana mkubwa aliyepigwa picha, humpati fundi aliyechoma chokaa.

Jibu la karibu zaidi na ukweli nimelipata kwa mzee mmoja wa Pangani, kwa simu, kwa msaada wa yule ndugu yangu. Baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana hali za watu wote, nikamweleza lile jumba.

"Lenye mti ukutani?"

"Ndilo hilo, mzee."

"Aah, mwanangu. Chini palikuwa ghala la mbata, zile nazi kavu. Mimi nimebeba magunia pale nikiwa kijana. Juu walikaa wenyewe. Hiyo posta unayoambiwa ni nyumba ya tatu kutoka hapo, usichanganye."

Kisha akanitajia, mmoja baada ya mwingine, waliopanga pale baada ya uhuru, nani alikarabati paa kwa bati lilipoanza kuvuja, na mwaka gani ngazi ya ndani ilianguka. Mambo hayo hayamo Frankfurt wala Northwestern, yamo kwa mzee yule, na wa rika lake waliobaki wanahesabika.

Sioni kama tunahitaji mamilioni kuanza. Halmashauri ikikubali kibao cha bati chenye mistari mitatu (jengo lilikuwa nini, la lini, nani anakumbukwa kuishi humo), na shule za sekondari zikiwapa wanafunzi wa historia kazi ya kukaa na wazee na kurekodi kwa simu, orodha itakuwepo. Wazee wakitofautiana, yaandikwe yote mawili. Posta au ghala la mbata, litakuja kupambanuliwa na mwenye karatasi za hati. Sisi wa ughaibuni tunaweza kufanya sehemu yetu: kuzitafuta picha kwenye maktaba za huku, kutafsiri maelezo yake, na kuzirudisha kwenye simu za watu wa mji wenyewe, siyo kuzipamba kwenye kurasa zetu.

Nimesema muda ni sasa. Barabara ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani na Pangani inajengwa, pamoja na daraja la kuvuka mto. Nimeisubiri kama kila mtu aliyewahi kumpeleka mgonjwa usiku akakuta panton imelala. Ila magari yakishaanza kupita juu kwa kasi, ule mwendo wa taratibu unaoukabili mji kwa mto utakwisha, na pamoja nao ile nafasi ya mgeni kuuliza na kujibiwa na bibi mwenye kapu. Ardhi ya kando ya mto nayo itapanda bei, na mwekezaji hawezi kuhurumia nyumba asiyoijua. Ndugu yangu ameshaahidiwa na yule mzee kwamba siku jua likipungua watakwenda pamoja, nyumba kwa nyumba, kuanzia kivukoni. Wenye wazee Pangani, Tanga, Kilwa Kivinje na Mikindani, nawaomba mfanye hivyo hivyo kabla ya masika.