Naiti wa Kuze Anatafuta Jina

Nyinyi mnaosema vijana wa siku hizi hawana kazi, njooni kwangu Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, mkawaone. Wana shughuli kumshinda karani wa bandari. Mpwa wangu na wenzake wameivamia meza yangu kwa makaratasi, penseli na dadu zenye pande 20, na mimi niliyekuwa nautafuta usingizi wa Jumapili nimeamshwa kwa habari njema: "Mjomba, keti. Wewe ni naiti."

Naiti! Yule shujaa wa Kizungu wa zamani, wa farasi na deraya? Kwa goti hili?

Mchezo wenyewe ni wa ukoo wa Dungeons & Dragons, ule walioutoa kina Gary Gygax na Dave Arneson kule Marekani mwaka 1974. Hakuna kete za kusukuma wala mpira wa kupiga. Unajifanya mtu fulani, unasema unataka kutenda nini, kisha dadu linaamua umefaulu au umeanguka kifudifudi. Hapo sina neno. Wakubwa wangapi wanaendesha mambo yetu vivyo hivyo, na hata dadu hawana.

Balaa ni jina. Hurushi dadu mpaka shujaa wako awe na jina, tena liwe na kishindo.

Nikasema Simba wa Mvita. Wakacheka, eti hilo ni la matatu. Ngao ya Pwani? Chama cha akiba na mikopo. Radi ya Kisiwani? Duka la majokofu. Nikaja na Upanga wa Nuru, na hilo nalitetea mpaka leo, ila dada yangu akapaza sauti kutoka jikoni: "Hiyo ni dawa ya chango?" Mji huu majina yote yenye uzito yameshachukuliwa na magari, majahazi na wauza magodoro. Shujaa anayezaliwa leo ajiite nini, maskini?

Basi nikamtaja Fumo Liyongo. Silaha haimwingii, ila sindano ya shaba kitovuni. Yule anayeongoza mchezo, mtoto hata sharubu hana, akatikisa kichwa: siri ya kitovu anaijua kila mtu Pwani nzima, adui atakuja na sindano yake mfukoni.

Haya, mnataka naiti? Mombasa ilikuwa naye wa kweli! Sultani Yusuf bin Hasan. Wareno walimlea Goa, wakambatiza Dom Jerónimo Chingulia, wakampa na unaiti wa Shirika la Kristo, chama cha manaiti wa Ureno. Mwaka 1631 akaingia Fort Jesus, akamuua kapteni wa ngome, akarudi kwenye Uislamu. Mwaka uliofuata akaiacha ngome, akawa haramia wa baharini. Sultani, naiti na haramia, wote ndani ya kanzu moja!

"Mjomba, naiti ni mtu wa kiapo."

"Kiapo si alikula?"

"Akakitapika."

Watoto hawa wanasoma sana. Siku moja itawadhuru.

Halafu wakaniongezea mzigo. Huyu si naiti tu, ni shujaa wa kinyago: ana jina la vita na jina la mtaani, na watu wasijue kuwa ni mtu mmoja. Wasijue wapi, Kuze? Kwenye vichochoro hivi ambavyo watu wawili wakipishana mmoja hujibana ukutani? Na barazani wamekaa wazee waliomjua babako kabla hajamjua mamako? Mfunike deraya ya chuma kutoka utosini hadi kidole cha mwisho, ampitie mzee mmoja tu na kikombe chake cha kahawa: "Aa! Huyu si mjukuu wa Bibi wa mlango wa nakshi? Mwendo huo ni wa marehemu babake. Ewe kijana, hatusalimiani? Nyumbani hawajambo? Mwambie mamako sahani yangu ya biriani sijaiona!" Joka linateketeza mji, naye bado anaulizwa hali ya shangazi yake wa Malindi.

Hiyo deraya yenyewe, kwa jua la Februari, asingefika Makadara kabla ya kuiva. Na akitakiwa ng'ambo? Feri ya Likoni anayevuka kwa miguu halipi, lakini farasi ana miguu minne. Mpaka yeye na askari wa geti waelewane, huko Shelly hajabaki mtu wa kuokolewa.

Nilikuwa bado nawaeleza hayo dada yangu alipotokea na sinia. "Mwacheni kaka yangu ale hamri!"

Wakatazamana. Mpwa wangu akanong'ona, "Sir Hamri." Mwenzake akaongeza, "Wa Kuze." Kabla sijameza tonge la kwanza, limeshaandikwa, tena kwa kalamu ya wino. Nikawaambia hakuna joka litakalomwogopa mtu mwenye jina la chai ya asubuhi. Wakaniambia zamu yangu ya kusema haijafika.

Farasi wangu wamemwita Mbaazi. Nimeisoma karatasi yake: kwenye akili, amepewa pointi nyingi kunishinda.