Model T si rangi nyeusi tu

Ikitajwa Ford Model T, watu wanakimbilia rangi nyeusi na mstari wa kuunganishia magari kiwandani, basi wamemaliza. Inaudhi. Gari hilo lilianza kuuzwa Oktoba 1908, na miaka ya mwanzo lilitoka la kijani, jekundu, la kijivu. Nyeusi ilibaki peke yake kuanzia 1914 hadi 1925. Mstari wa 1913 wa Highland Park, kiwanda cha Ford, ulipunguza kazi ya kuunganisha chesisi kutoka saa 12 na nusu hadi dakika 93, na ndio ulioshusha bei kutoka dola 850 mwaka 1908 hadi dola 260 kwa lile la viti viwili mwaka 1925. Hilo nalikubali. Lakini bei nafuu inamsaidia nini mkulima wa Kansas, gari likigoma na fundi yuko mbali?

Kilichomsaidia ni kwamba aliweza kulishughulikia mwenyewe, bila fundi. Chukua asubuhi ya baridi kali. Injini na gia zinatumia oili moja. Oili ikiwa nzito, sahani za klachi zinashikana, hivyo hata kama umevuta breki ya mkono na gia iko huru, injini ikiwaka gari linakusogelea wewe uliyesimama mbele na hendeli ya kuwashia mkononi. Dawa yake: zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, piga jeki gurudumu moja la nyuma, achia breki ya mkono. Difu, gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, inaliacha hilo la hewani lizunguke, gari linatulia, na hendeli inakuwa nyepesi. Kisha sukuma juu wenzo wa cheche, unaopanga wakati wa cheche kuwasha petroli, ulio kushoto kwa usukani, ili cheche ichelewe. Ukisahau, injini inapiga kinyume na mkono unavunjika. Shika hendeli kwa mkono wa kushoto, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, uvute kwenda juu. Kamwe usisukume chini. Likiwaka, shusha wenzo, subiri oili ipate moto, vuta tena breki ya mkono, ndipo uteremshe jeki.

Breki zilikuwa dhaifu, sibishi: ile ya mguu ilishika kwenye gia, kwa hiyo shafti inayopeleka nguvu nyuma ikikatika huna breki ya mguu. Na Chevrolet ilikuwa na gia tatu wakati T ina mbili.

Ila tazama petroli. Ilishuka yenyewe kutoka tangi la chini ya kiti. Pampu ya kuharibika haikuwepo. Tangi likiwa limepungua na mlima ni mkali, kabureta inakuwa juu kuliko petroli na injini inazima. Mkulima hakuita mtu. Aligeuza gari, akapanda mlima kinyumenyume, tangi likawa juu ya kabureta.